Kunyoosha Bati Baridi Tabora

Embe lililokomaa kwenye miembe ya Tabora lina uzito wa kutosha kulijeruhi gari. Mvua za Novemba zikija na upepo wake, gari lililolala chini ya mti huamka na alama: duara la ukubwa wa kiganja juu ya boneti au paa, la kina kidogo, rangi haijapasuka. Ukisimama mbele ya gari hulioni. Ni mpaka uende ubavuni, uinamishe kichwa, utazame jinsi kivuli cha tawi kinavyopinda kikifika pale. Miembe yenyewe ni ya siku nyingi. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji bado inafuatika sehemu nyingi kwa miembe iliyoachwa kandokando yake, na mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo, pamoja na Kwihara ya hapa Tabora, katika orodha ya awali ya maeneo inayotaka yawe urithi wa dunia chini ya UNESCO.

Mbonyeo wa embe ndio unaowafanya watu wengi wanunue seti za bei nafuu za kuvutia bodi. Ndani ya boksi unakuta kikombe cha mpira chenye mpini, daraja dogo la alumini lenye skrubu katikati, bunduki ya gundi ya moto, vijiti vya gundi, vifungo vya plastiki vya ukubwa mbalimbali, na kijiti cha plastiki cha kugongea. Seti iliyopanda bei kidogo huwa na nyundo ya kuteleza pia. Anayenunua kwa kawaida si fundi. Ni mwalimu mwenye Corolla, muuguzi mwenye IST, mtu anayependa kushika gari lake mwenyewe siku ya Jumapili na ambaye hataki kulipeleka kupakwa rangi upya kwa sababu ya embe.

Je, fedha yake inakwenda mahali pazuri? Kwa mbonyeo wa embe, ndiyo, na kwa mibonyeo mingine michache ya jamaa yake. Kwa iliyobaki, ambayo ndiyo mingi, afadhali anunue nyundo moja nzuri. Sababu iko ndani ya bati lenyewe.

Bati la mlango au boneti ya magari haya ya Japani tunayoyaendesha halifiki unene wa milimita moja, 0.7 ni kawaida. Kiwandani liliingia bapa, likakandamizwa kwenye kalibu kwa nguvu kubwa, likatoka na mbinuko wake. Tangu siku hiyo kila sehemu ya bati inaishikilia sehemu iliyo jirani. Embe likiangukia boneti, eneo pana linazama, ila chuma chenyewe karibu hakijavutika. Kinataka kurudi. Kinachokizuia ni ukingo mwembamba unaolizunguka duara, uliokunjika kidogo na kujifunga. Usukani wa baiskeli ukiupiga mlango, habari ni nyingine kabisa. Ncha ni ndogo, nguvu ni kubwa, bati linavutwa kupita uwezo wake, linakuwa jembamba na kuongezeka eneo, na katikati linapata mkunjo. Chuma kikikunjwa kikiwa baridi hukakamaa. Aliyewahi kukata waya kwa kuukunja na kuukunjua anaijua tabia hiyo: mara ya kwanza waya ni laini, mara ya tatu unabisha, mara ya kumi unakatika.

Sasa mvute mtu huyo mwenye boksi lake mpaka kwenye mlango huo. Akivuta, kinachokuja ni sehemu laini, ile ambayo ingekuja hata kwa kusukumwa na kiganja kutoka ndani. Mkunjo uliokakamaa unabaki palepale, na pande zake mbili zinainuka kuwa vilima vipya. Mlango uliokuwa na bonde moja sasa una bonde na vilima viwili, na bati limevutika zaidi kuliko asubuhi.

Kikombe cha mpira kina mipaka mingine ambayo Tabora inaibana zaidi. Kikombe chenyewe hakina nguvu yoyote. Hewa iliyo nyuma ya bati ndiyo inayolisukuma nje, baada ya kikombe kuiondoa hewa ya mbele. Kwa hiyo nguvu yote inategemea uzito wa hewa ya mahali ulipo. Kikombe chenye kipenyo cha sentimita 12, kama kingetoa hewa yote ndani yake, kingeweza kuhimili kilo 117 hivi pale Bagamoyo, usawa wa bahari. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na kikombe hichohicho hakiwezi kuvuka kilo 101. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Mpira wa bei rahisi, ukingo wake usiolala sawasawa na vumbi la Septemba vinashusha zaidi. Ndiyo maana bati lioshwe, likaushwe, ukingo wa kikombe ulowanishwe kidogo, na kazi ifanywe bati likiwa na joto la wastani. Na mkono wa pili usikae bure. Mkono mmoja ukivuta polepole bila kushtua, mwingine ugonge taratibu kuzunguka ule ukingo uliojifunga, kwa kijiti cha plastiki. Ukingo ukifunguka, duara linaruka lenyewe kwa mlio mmoja. Wanaovuta kwa pupa huishia na kikombe mkononi na mbonyeo pale ulipokuwa.

Gundi inadai subira zaidi na inalipa zaidi. Unafuta bati kwa spiriti, unapaka gundi ya moto kwenye kifungo cha plastiki, unakibandika katikati ya mbonyeo, unangoja gundi ikamate, unaweka daraja na kuzungusha skrubu. Kifungo kinaponyanyuka, kinanyanyua bati kidogo kuliko upana wa ukucha. Unamwaga spiriti kando ya gundi, inaachia, unapangusa, unatazama. Bati limeinuka na mara nyingi limeacha kichuguu, unakishusha kwa kijiti. Kisha unaanza tena, hatua moja pembeni. Kosa la kawaida ni kutaka kumaliza kwa mvuto mmoja. Kosa la pili ni la saa. Mchana wa Oktoba boneti iliyokaa juani haishikiki kwa mkono, na gundi haigandi. Inanyumbuka, inateleza na kuachia. Asubuhi ya Juni au Julai inakuwa kavu kupita kiasi na kukatika kwa mshtuko. Saa mbili asubuhi chini ya kivuli, katika miezi ya joto, ni saa nzuri.

Lakini kabla ya gundi, chunguza rangi. Magari mengi yaliyofika hapa yamepita mikono ya watu kadhaa na kupuliziwa rangi zaidi ya mara moja. Rangi ya kiwandani iliyochomwa kwenye tanuri hushika bati kwa nguvu. Rangi iliyopuliziwa juu ya puti, uani, siku ya upepo, itang'oka na kifungo na kukuachia kidonda kikubwa kuliko embe. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa laini, ipitishe juu ya bati. Inaposhika kwa nguvu, chini kuna chuma. Inapolegea au kuanguka, chini kuna puti, na hapo boksi lako lirudi chini ya kitanda.

Hayo yote mtu anaweza kuyajua kwa kusoma na kujaribu. Kinachonifanya niandike ni kile ambacho hakimo kwenye boksi, na ambacho nimekiona mikononi mwa mafundi bodi wa Tabora, hasa mmoja, mtu mzima, mwenye gereji isiyo na ukuta wala jina.

Mlango ulikuwa wa nyuma, wa Probox nyeupe, uliogongwa na baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa. Bonde refu lenye mkunjo katikati, na juu yake kilima chembamba pale bati lilipokosa pa kwenda. Vijana wake wawili walikuwa wameshatoa kava la ndani na kioo. Yeye hakushika nyundo. Aliagiza maji, mlango ukaoshwa, ukakauka. Akavisha mkono kitambaa chepesi, akaanza kuupitisha: vidole vimenyooka, kiganja kizima kimelala, kutoka mahali pazima, kupitia penye jeraha, hadi pazima tena, bila kukandamiza, kama mkunga anavyopapasa tumbo la mama. Alirudia kutoka juu kwenda chini, kisha kwa mshazari. Alifumba macho kwa kazi hiyo, au aliyaelekeza barabarani. Halafu akachukua chaki na kuchora: mduara penye kilima, msalaba penye bonde. Baadhi ya miduara ilikuwa mahali ambapo mimi, na macho yangu wazi, niliona bati zima.

Kijana mmoja alisema, "Fundi, si tuvute tu na kile kikombe cha bosi?"

"Vuta, dogo. Halafu unionyeshe mkunjo umekwenda wapi."

Kikombe kilibaki kwenye boksi. Fundi alianza mahali ajali ilipoishia. Baiskeli ililipiga bati kwenye mkunjo, nguvu ikasambaa juu, na cha mwisho kutokea kilikuwa kile kilima. Kwa hiyo kilima ndicho kinachotangulia kushushwa, kwa sababu ndicho kinacholifungia bonde lisirudi. Anayeanza na bonde, kwa kuvuta au kwa kugonga kutoka ndani, anapigana na kilima bila kukiona.

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Nyundo nyepesi ya bodi, uso wake umesuguliwa kwa msasa mpaka unang'aa, kwa sababu kila alama iliyo kwenye uso wa nyundo hujichapa kwenye bati. Chuma cha kukingia, ambacho zamani kilikuwa kichwa cha nyundo kubwa, amekisaga upande mmoja ukapata mviringo unaolingana na mbinuko wa mlango. Na jani la springi ya gari, lililofuliwa na kupindwa ncha, la kufikia nyuma ya ubao wa chuma uliomo ndani ya mlango, mahali mkono hauingii. Kwa gharama, vifaa hivi vyote havifiki bei ya seti ya kwenye boksi.

Aliingiza mkono wa kushoto ndani ya mlango na kukiegemeza chuma kwenye bonde, akisukuma. Mkono wa kulia ulianza kugonga kilima kwa nje, sentimita chache pembeni mwa chuma, mapigo mepesi yanayofuatana, kifundo cha mkono kikifanya kazi na bega limetulia. Nyundo haikukutana na chuma. Kilima kilipokuwa kikishuka, bonde lilikuwa likipanda, kwa sababu chuma kilichosukumwa kutoka ndani kiliruka na kulipiga bati kila nyundo ilipotua. Kugonga mahali pamoja na kuona mahali pengine panasogea ni jambo la kustaajabisha ukiliona kwa mara ya kwanza, na mimi bado linanistaajabisha.

Bonde lilipokaribia usawa alibadili namna. Sasa nyundo na chuma vilikutana, bati katikati, na mlio ukabadilika kutoka mzito na mfupi kuwa mkali na mrefu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Bati likibanwa kati ya vyuma viwili linasagika, linakuwa jembamba, linapanuka. Mapigo machache ya namna hiyo yanalainisha. Yakizidi yanazalisha eneo ambalo halina pa kukaa. Fundi alikuwa akisikiliza. Mlio ukiwa safi alisogea, ukiwa na mtikisiko alirudi. Kisha akachukua tupa pana na kuipitisha juu ya bati kwa wepesi, mshazari mmoja, kisha mwingine. Palipong'aa ni juu, palipobaki na giza ni chini. Chaki, mkono, nyundo, tupa. Akarudia tena na tena, na kila mara miduara na misalaba ilikuwa midogo zaidi.

Karibu na mwisho, sehemu moja ilikataa kutulia. Ukiibonyeza inaingia kwa mlio, ukiiachia inatoka. Hilo ni bati lililovutika, lenye eneo kubwa kuliko nafasi yake, na hakuna kikombe wala gundi duniani vinavyoweza kuliondoa, kwa sababu kuvuta ndiko kulikosababisha. Aliwasha gesi, akauelekeza mwali mdogo mahali pamoja pasipozidi ukubwa wa sarafu, pakawa pekundu. Chuma kilichopata moto kinataka kupanuka, lakini kimezungukwa na chuma baridi kisichokubali. Kwa hiyo kinajikusanya na kunenepa pale pale. Mapigo mawili mepesi, kitambaa chenye maji, mvuke. Kikipoa kinanywea, na kunywea kwake kunalivuta bati la pembeni kuelekea katikati. Alifanya hivyo mahali patatu. Akaibonyeza tena ile sehemu. Haikuingia.

Mlango ule ulihitaji puti pia, safu nyembamba ya kuziba alama za tupa. Puti yenyewe haina ubaya. Ubaya ni puti ya sentimita nzima iliyomwagwa juu ya bonde ambalo halikunyooshwa. Ikizidi milimita mbili tatu inaanza kuwa mzigo: jua la mchana na baridi ya usiku vinaipanua na kuinywesha tofauti na chuma, barabara mbovu inaitikisa, na siku moja inaachana na bati pamoja na rangi yake.

Kazi ya chuma katika nchi hii imeanza muda mrefu kabla ya gari. Wahunzi wa kaskazini mwa Unyamwezi, Wasumbwa na majirani zao Warongo wa upande wa Uzinza, waliyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyotumika kulimia, kuolea na kununulia. Wapagazi walishuka nayo kuelekea pwani na kuyatumia njiani Ugogo. Makadirio ya mwishoni mwa karne ya 19 yanataja majembe kama 150,000 kwa mwaka katika soko la Tabora. Kisha reli kutoka Dar es Salaam ikafika mwaka 1912, bidhaa za chuma za Ulaya zikaja kwa mabehewa, na tanuri zikazimika moja baada ya nyingine. Ninapomtazama fundi bodi akiwasha ule mwali mdogo, nawakumbuka wahunzi hao kwa sababu ya tofauti iliyopo kati yao. Mhunzi alikuwa na moto muda wote, na chuma chekundu kinasamehe: ukikosea pigo, unakirudisha kwenye makaa, kinasahau. Fundi bodi anafanya karibu kila kitu kikiwa baridi, na bati baridi halisahau pigo hata moja. Ndiyo maana analipapasa kwa muda mrefu kuliko anavyoligonga.

Nirudi kwa mwenye boksi, maana nyundo ya kuteleza inahitaji onyo la peke yake. Ni fimbo ya chuma yenye uzito unaoteleza juu yake. Unatoboa bati, unafunga skrubu kwenye tundu, unautupa uzito nyuma, skrubu inalivuta bati. Inafanya kazi, na kwa mahali pasipofikika kwa nyuma, kama chini ya mlango, hata mafundi huitumia, wengine kwa kuchomelea vipande vidogo vya chuma badala ya kutoboa. Tatizo ni lile tundu. Mwenye gari hulifunika kwa puti akaona amemaliza. Masika yakija, maji yanayoingia kupitia mpira wa kioo yanatiririka ndani ya mlango, yanalikuta tundu kutoka nyuma, na kutu inaanza upande ambao hakuna anayeuona. Mwaka unaofuata puti inavimba. Kama huna mtu wa kukuchomelea tundu lako, usilitoboe.

Kwa hiyo ningemshauri hivi. Akiwa anaegesha chini ya mwembe, anunue seti ya gundi, wala si lazima iwe ya bei kubwa. Daraja la alumini la bei nafuu linatosha, ila vijiti vya gundi avitafute vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa sababu vile vya kubandikia mapambo havina nguvu. Kikombe atakipata humohumo. Nyundo ya kuteleza aiache. Fedha inayobaki aiweke kwenye nyundo moja ya bodi yenye uso laini, tupa, na taa ndefu ya LED, ambayo ikiwekwa ubavuni mwa gari jioni mstari wake wa mwanga utapinda juu ya kila mbonyeo na kumwonyesha kile ambacho mkono wake haujajifunza kukisoma. Chuma cha kukingia atakipata kwa wauza vyuma chakavu.

Hukohuko kwenye vyuma chakavu anunue mlango, unauzwa kwa kilo. Achague uliokuwa na rangi moja ya kiwandani, wenye matundu makubwa ya ndani ambayo mkono unapita. Aupige mwenyewe mahali pawili: mara moja kwa ngumi iliyofungwa kitambaa, mara moja kwa ncha ya nyundo. Pa kwanza apavute kwa gundi. Pa pili apapapase kwanza, achore kwa chaki, kisha aende kumwonyesha fundi michoro yake kabla hajagonga popote.